Jina la Chacha (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Washenga wa mchumba wangu walifika nyumbani kwetu Cotonou, nchini Benin, na barua ya posa. Barua iliposomwa, ikatajwa kwamba kijana ni de Souza wa Ouidah na binti anayeposwa ni de Souza wa Agoué. Hapo babu wa kijana, aliyeuongoza msafara, alisimama, akaikunja barua na kuirudisha mfukoni. “De Souza haoi de Souza,” alisema. “Labda kama mmoja wa hawa wawili si de Souza.”

SASA ENDELEA…

Mama ndiye aliyeanza kusema. Bado alikuwa ameshika bilauri ya maji ya kupokelea wageni. Kwetu mwenyeji huyaonja kwanza maji hayo, ndipo mgeni anywe, na yule mzee alikuwa amekwisha kuyanywa.

“Mzee wangu,” alisema, “umekunywa maji ya nyumba hii. Sasa unamwita mwanangu nani?”

“Sijamwita jina lolote, binti yangu. Nimeuliza tu.”

“Hukuuliza. Ulisema.”

Mchumba wangu aliinamisha kichwa. Tatizo hili alilijua tangu mwanzo, ndiyo maana hakumtajia babu yake jina langu la ukoo hadi siku barua iliposomwa. Baba Mkubwa, ambaye tangu baba yangu afariki ndiye anayesimama mahali pake, hakutoa neno. Alikuwa akivitazama viatu vyake. Nilidhani anaona aibu posa inaharibika huku majirani wanasikia.

“Kaa, mzee,” Mama alimwambia. “Kama kuna jambo, lieleze watoto nao walisikie. Wao jina hili wanalijua kwenye vitambulisho tu.”

Hapo alisema kweli. Mimi nilikua nikiamini kwamba letu ni jina la wakubwa. Luteni Kanali Paul-Émile de Souza aliwahi kuiongoza nchi, kati ya 1969 na 1970. Askofu Isidore de Souza ndiye aliyeuongoza Mkutano wa Taifa wa Februari 1990, ule uliouzika utawala wa chama kimoja bila vita. Hata mke wa Boni Yayi, rais wa zamani, alizaliwa de Souza. Nilipokuwa nasoma Dakar, msichana mmoja wa Mombasa aliniuliza kama sisi ni Wagoa. Kwao, alisema, ukisikia de Souza unajua ni Mgoa, kama Fitz de Souza aliyekuwa Naibu Spika wa Bunge la Kenya, na Wagoa jina hilo waliachiwa na Wareno waliowabatiza. Nikamjibu kwa majivuno kwamba sisi hatukupewa jina na mtu, letu ni la damu. Akafikiri kidogo, akaniambia kuwa jirani na kwao kuna mahali paitwapo Freretown, ambako wamisionari waliwapa majina ya Kiingereza watumwa waliookolewa baharini, na kwamba wajukuu wao nao huyaona majina yale ni ya damu. Sikumwelewa alikuwa ananiambia nini.

Mzee alikaa. Akaomba kiti kisogezwe mbele ya mjukuu wake na mimi, akaanza kusimulia akitutazama sisi wawili tu.

Mwenye jina aliitwa Francisco Félix de Souza, mzaliwa wa Bahia nchini Brazil. Alifika pwani hii karne ya 18 ikielekea ukingoni, akafanya ukarani katika ngome ya Wareno ya São João Baptista de Ajudá, iliyojengwa Ouidah mwaka 1721. Wakubwa wa Ureno walikuwa wameitupa ngome ile. Simulizi za Ouidah husema karani yule alikuwa fukara kiasi cha kuokota kauri ambazo watu walizitoa sadaka kwenye mizimu, apate kununua chakula. Baadaye akaingia kwenye biashara ya kuuza watu, akapata. Akamkopesha hata mfalme wa Dahomey, Adandozan. Siku aliyopanda Abomey, mji mkuu wa mfalme huyo, kudai chake, mfalme akamtia gerezani.

“Wakamchovya kwenye mtungi wa nili,” Mzee alisema, akijipitishia kiganja kwenye mkono kuanzia bega hadi vidole. “Mwili mzima. Wakamtoa, akakauka, wakamchovya tena. Mfalme alitaka awe mweusi kama waliomfunga, asijione yeye ni zaidi.”

Gerezani humo ndimo alimotembelewa na ndugu wa mfalme aliyeitwa Gakpe, naye akiwa na kisasi chake na Adandozan. Wawili hao wakachanjiana damu. Gakpe akamtorosha hadi pwani, na huko de Souza akawa anampelekea bunduki na bidhaa za kuwavuta wakubwa wa Abomey. Mwaka 1818 Adandozan alipinduliwa. Gakpe akakalia kiti kwa jina la Ghezo, akamwita ndugu yake wa damu, akampa Ouidah na cheo cha Chacha. Tangu hapo biashara ya mfalme na meli za ng'ambo ilipitia mikononi mwake. Waingereza walikuwa wamekwisha kuipiga marufuku biashara ya utumwa kwa watu wao mwaka 1807 na manowari zao zilikuwa zikizunguka baharini, lakini Chacha aliendelea kupakia watu kwenda Bahia na Cuba. Alifariki Mei 1849, mzee sana, ameacha watoto makumi kwa wake wasiohesabika.

“Hao watoto ndio mlango wa kwanza wa de Souza,” Mzee alisema. “Mimi ni wa mlango huo. Lakini nyumba ya mtu kama yule haikukaliwa na watoto peke yao. Kulikuwa na wapishi, wapagazi, maseremala, wapiga makasia, na walioletwa wapakiwe melini wakabakizwa. Wote hao ukiwauliza ninyi ni wa nani, walijibu: wa de Souza. Padri alipokuja na daftari la ubatizo na Mfaransa na daftari la kodi, kalamu haikuuliza huyu ni wa damu au ni wa kamba.”

“Na wale waliotoka Brazil?” mchumba wangu aliuliza.

“Wapo. Waliachiwa huru huko, wakarudi na majina ya mabwana zao. Yupo de Souza aliyeshuka melini hapa na Chacha hajawahi kumtia machoni.” Akanigeukia. “Kwa hiyo, mwanangu, hesabu ni nyepesi. Kama wewe ni wa mlango wa kwanza, huyu ni kaka yako na shughuli imekwisha. Kama ni wa mlango mwingine, mimi sina kizuizi. Lakini isemwe. Isemwe hadharani, na mzee wa kwenu.”

Mama alielewa kabla yangu. Niliona jinsi alivyoiweka ile bilauri mezani, taratibu, kama mtu anayeogopa mkono wake mwenyewe. Mimi ilinichukua muda. Ili niolewe, ilibidi kwetu tusimame mbele ya watu tuseme kwamba tulikuwa mali ya Chacha. Ili nibaki na jina nililojivunia Dakar, ilibidi nimwache niliyempenda.

Wazee wakapatana. Jumamosi iliyofuata, kila upande ulete Ouidah mtu anayejua sifa za ukoo.

Hili nilieleze, maana ndiko mambo yote yatakakogeukia. Kwa Wafon kila ukoo una sifa zake, maneno ya kale yanayotaja ukoo ulikotoka, ulichofanya na mnyama usiyemla. Bibi humwamshia nayo mjukuu alfajiri, au humtuliza nayo akiumwa. Jina la kwenye karatasi mtu anaweza kupewa na padri, na bwana wake, hata na karani mwenye haraka. Sifa hupita kutoka kinywa cha bibi hadi sikio la mtoto, na hakuna aliyewahi kutumwa na serikali kuziandika upya.

*

Jumatano mimi na Mama tulipanda basi dogo kwenda Agoué, mji wa pwani ulio karibu na mpaka wa Togo. Mama alikulia huko, mtaa mmoja na akina d'Almeida, na njiani alinisimulia habari ambazo kwa miaka yote hakuwahi kuzigusa.

Joaquim d'Almeida alikuwa Mmahi, mtu wa Mahi. Alikamatwa angali mdogo, akauzwa Bahia, akawa mtumwa wa nahodha wa meli za watumwa aliyeitwa Manoel Joaquim d'Almeida. Akajikomboa. Akalichukua jina la bwana wake, akarudi pwani hii, na kazi aliyoifanya aliporudi ilikuwa ni kununua na kuuza watu. Agoué alijenga kanisa kabla padri yeyote wa Kifaransa hajaukanyaga mji huo, na huko ndiko alikofia mwaka 1857. Aliyeuzwa na aliyeuza ni mtu mmoja, na wajukuu zake wanaitwa kwa jina la nahodha aliyemmiliki.

Waliorudi wakiwa na majina ya namna hiyo walikuwa wengi, hasa baada ya Januari 1835, Waislamu wa Kiafrika walipoasi mjini Salvador, Bahia. Maasi yalizimwa kwa siku moja. Mamia wakafukuzwa nchini, wengine wakakusanya nauli na kuondoka wenyewe. Walishuka Lagos, Porto-Novo, Ouidah na Agoué wakiwa maseremala, waashi, washonaji, wakajulikana kwa jina la Waaguda: da Silva, Medeiros, dos Santos. Akina Paraïso wa Porto-Novo ni Waislamu mpaka leo, na msikiti mkuu wa zamani wa mji huo ukiutazama kwa mbele unaweza kuapa ni kanisa la Bahia. Sylvanus Olympio, rais wa kwanza wa Togo, yule aliyepigwa risasi Januari 1963, babu yake alitoka Brazil.

Watu wote hao nilizoea kuwahesabu ni wa upande wetu. Ndani ya basi lile nilianza kujiuliza upande wetu ni upi.

*

Shangazi Mkubwa, shangazi yake marehemu baba, tulimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Nilipiga magoti nikamwamkia. Hakuuliza tumefuata nini.

“Baba yako Mkubwa alipiga simu,” alisema. Kisha akamgeukia Mama. “Wewe umeolewa humu, mwanangu. Haya ni ya waliozaliwa humu. Kaa nje kidogo.”

Mama akatoka, akakaa hatua mbili tu kutoka mlangoni. Shangazi Mkubwa alimwona na hakumkataza.

Aliendelea kuchambua maharage, akaanza kunisomea. Alisoma kwa sauti ya chini, haraka, bila kupumzika, kama wasomavyo watu walioyasema maneno hayo maisha yao yote. Wana wa jiwe lililogoma kuviringika. Wasiokula kanga. Waliokunywa maji ya kisima chenye milango miwili. Alipofika kwenye kisima mwili ulinisisimka. Maneno yale niliyajua. Bibi yangu aliyasema kila nilipopata homa, akinikanda miguu, nami sikuwahi kuyauliza yana maana gani.

“Sifa za nyumba ya Chacha zinaanza na bahari na bendera,” alisema. “Katika hizi, umesikia bahari?”

“Hapana, Shangazi.”

“Umesikia nini?”

“Jiwe. Kanga. Kisima.”

“Basi. Huko ni Mahi, kwenye vilima vya kaskazini ya Abomey.”

Akanieleza. Jeshi la Ghezo lilipopanda vilimani lilirudi na mateka, na miongoni mwao mlikuwa na vijana wawili waliozaliwa tumbo moja. Walitembezwa kwa kamba hadi Ouidah. Huyu wa kwetu alikuwa amekwisha kutiwa chapa ya moto begani, tayari kwa meli, mpishi wa Chacha alipomwomba amsaidie jikoni. Alibaki. Akakulia jikoni, akapewa mke, akabatizwa, akaandikwa de Souza. Chacha alipofariki, akachukua wanawe akahamia Agoué, na kila aliyemuuliza jina alitaja lile la daftarini.

“Na yule ndugu yake?”

“Huyo hatajwi tena. Bibi zangu walisema alibaki Ouidah, wengine wakasema alipakiwa. Mimi nimepokea mmoja tu.”

Nikamuuliza kwa nini tulifichwa.

Aliuweka ungo chini. “Kwa sababu aliyenyamaza aliitwa bwana, na aliyesema aliitwa mtumwa mpaka wajukuu. Unadhani yamekwisha? Ngoja igawanywe ardhi. Ngoja achaguliwe mkuu wa ukoo. Utasikia mtu anakohoa tu, na wote wanajua kikohozi kile kinamwambia nani kaa chini. Baba yako Mkubwa anayajua haya tangu siku tuliyomzika babu yako. Niliwaapisha yeye na baba yako kwa pamoja.”

Kumbe siku ile ya posa viatu vyake havikuwa na lolote.

Tuliporudi Cotonou Mama hakulala. Alfajiri alinijia chumbani, akaniambia niseme kwamba nimeghairi, kwamba haikuwa riziki, na jina libaki lilivyo. Alisema hivyo kwa mapenzi, najua. Nina wadogo zangu ambao nao wataposwa. Lakini mimi nilikuwa nikimfikiria mtoto aliyetembezwa kwa kamba na kutiwa chapa begani, na sikuona ni kosa gani alilofanya hata sisi tumfiche kizazi baada ya kizazi. Mwenye kosa ni aliyekishika kile chuma cha moto, na picha yake ndiyo inayotundikwa ukutani.

“Nitasema, Mama,” nilimwambia.

*

Jumamosi tuliingia Ouidah saa nne asubuhi. Tulipita mbele ya Singbomey, nyumba kuu ya Chacha, ambamo kaburi lake limo kwenye chumba alichokuwa akilala, tukaendelea hadi uani kwa yule mzee. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyoahidiwa. Shangazi Mkubwa aliketishwa kwenye mkeka upande wetu, na kijana mmoja akamwaga pombe ya sodabi kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia.

Nilisimama nikasema yote. Nilitaja vilima, kamba, chapa na jiko. Shangazi Mkubwa akasoma sifa mstari wa mwanzo tu, wanaojua wakatikisa vichwa. Palitokea mguno upande wa wanawake, na mtu mmoja nyuma akakohoa. Mama aliushika mkono wangu.

Mzee aliachia tabasamu. Akaitoa ile barua mfukoni, akaikunjua. “Binti amesema kweli, na ukweli umemfungulia mlango,” alisema. “Si damu yetu. Kizuizi hakipo.”

“Bado,” Shangazi Mkubwa alisema.

“Bado nini, dada yangu?”

“Sisi tumesoma za kwetu. Nasi tunataka kuzisikia za kwenu.”

“Za kwetu anazijua kila mtu Ouidah hii.”

“Basi hazitachukua muda.”

Hakuweza kukataa mbele ya watu. Akaagiza aletwe dada yake mkubwa, bibi kizee aliyetoka chumbani ameshikwa huku na huku. Mchumba wangu alikuwa ameniambia kwamba bibi huyu siku hizi husahau hata majina ya wanawe. Wakamwambia asome sifa za nyumba. Akaanza vizuri, kwa sauti iliyotuzidi sote nguvu. Bahari. Bendera. Meli isiyozama. Wajukuu wakapiga makofi.

Akanyamaza. Mzee akafungua kinywa amshukuru, lakini bibi alikuwa anavuta pumzi tu. Aliporudi sauti ilikuwa nyingine, ya chini, ya haraka, ya mtu anayemkanda mtoto miguu.

“Wana wa jiwe…”

“Dada, inatosha,” Mzee alisema.

“…jiwe lililogoma kuviringika. Wasiokula kanga…”

“Inatosha! Mpelekeni ndani!”

Hakuna aliyemgusa. Shangazi Mkubwa alikuwa amesimama, na mstari uliofuata, ule wa kisima, waliusema wote wawili kwa pamoja, neno kwa neno, mmoja wa Agoué na mmoja wa Ouidah, ambao maishani mwao hawakuwahi kukutana.

Nilimtazama mchumba wangu. Alikuwa amepauka. Aliyekuwa wa mlango wa kwanza hakuwa wa mlango wa kwanza, na ndugu wawili waliotembezwa kwa kamba moja sasa walikuwa na wajukuu wanaotaka kuoana.

Mzee aliichana barua vipande viwili. Akamwita kijana aliyekuwa mlangoni.

“Funga lango. Kufuli,” alisema. “Hatoki mtu hapa na maneno haya.”

ITAENDELEA…

Je, wachumba hawa ni ndugu wa damu, au kuna jambo jingine ambalo bibi hajamaliza kulisoma? Mzee aliujua ukweli huu tangu lini, na yuko tayari kufanya nini usitoke nje ya lango lile? Usikose Sehemu ya Tatu Jumamosi ijayo, hapahapa.